Kikombe Nyuma ya Pipa

Gichuki, mtaalamu wa mimea kutoka Nairobi, aliupapasa mwamba kwa kidole kimoja, polepole, kama ulimi unavyopapasa pengo la jino lililong'oka.

"Batula, begonia zilikuwa hapa, sivyo?"

"Zilikuwa hapa, Daktari."

Batula alijibu akiitazama mikono yake. Ndiye aliyekabidhiwa kuzihesabu begonia hizo, mimea adimu ya mwambani, kila mwezi katika korongo hili la Leparua. Mwezi uliopita alikuwa ameandika kumi na moja, kwa mwandiko nadhifu wa madarasa ya jioni, ilhali alijua hapakuwa na hata moja.

Siku hizo mwanawe alikohoa hadi sauti ikamkauka, na zahanati ilikuwa imefungwa. Zamani nyanya yake aliwatafunisha wajukuu majani yale machachu ya begonia, yaliyolemea upande mmoja kama sikio la mbuzi, na kifua kikatulia. Basi akapanda kuchuma mawili tu. Jani likakataa, akavuta kwa nguvu. Udongo mwembamba ukabanduka mwambani kama ganda la kidonda, ukaporomoka na miche yote, maji ya kijito yakaibeba. Mkononi mwake likabaki shina moja lenye majani matatu. Mawili akamtafunia mtoto.

"Ni mbuzi," alisema Gichuki, akionyesha mavi makavu chini.

"Pale juu hata mbuzi mwenye mabawa hafiki!" alifoka Lul, bibi mzee jirani ya Batula, aliyekuwa akinywesha mifugo hapo chini.

"Mama, mmea huu haujaonekana kwingine popote. Kwenye orodha ya dunia ya mimea iliyo hatarini wameandika tu kwamba taarifa hazitoshi. Nilikuja kuutafutia ulinzi. Sasa niandike umetoweka? Kamati ya hifadhi itafunga njia hii kwa mifugo."

"Na mbuzi wangu wanywe nini, mate yangu?" Lul akamgeukia Batula. "Mwanangu, wewe ndiye mwenye daftari. Mwambie huyu. Wewe hudanganyi."

Maneno hayo yalimchoma kuliko tusi. Kunyamaza kulikuwa rahisi mno. Mbuzi hawawezi kujitetea. Batula alikaza kanga iliyombeba mtoto, akateremka nyumbani bila kuaga.

Aliporudi alikuwa ameshika kwa mikono miwili kikombe cha bati alichokuwa amekificha nyuma ya pipa la maji. Ndani yake lilisimama shina lenye jani moja, na chini mizizi myeupe, myembamba kama uzi wa kushonea.

"Si mbuzi. Ni mimi," alisema. "Na ile hesabu niliandika uongo."

Gichuki alikisogelea kikombe, akainama kuitazama mizizi.

"Nani alikufundisha kuuotesha kwenye maji?"

"Hakuna. Niliona haya kuutupa."

Gichuki akamrudishia daftari la hesabu alilokuwa akilikagua. Batula alikata kumi na moja, akaandika moja. Safari hii mwandiko ulipinda. Lul alimpita na mbuzi wake bila kumtazama.

Mgongoni, mtoto alinyoosha mkono kulifikia jani, kana kwamba anaukumbuka uchachu wake. Batula akakiinua kikombe, juu kidogo, mbali na vile vidole.