Mizizi ya Peoni Iliyolowekwa

Jumapili, tarehe 20 Septemba 1998, mjini Heze, Uchina, Guo Suqin alibakiwa na vijiti vitatu tu vya ua la peoni jeusi la marehemu mama yake. Mti wenyewe ulikuwa umeoza. Aliazimia kuvibebesha, yaani kuvipachika vimee, juu ya mizizi ya peoni ya kawaida, ambayo alikuwa ameianika kivulini ilegee. Alipokwenda kuichukua, aliikuta ndani ya ndoo ya maji.

"Niliona inanyauka, Mama, nikailoweka," alisema Cuiling, mkaza mwanawe.

"Umeiloweka kama maharage! Ulitaka tuipike?"

"Si tuikate hivyo hivyo? Mzizi ni mzizi."

Suqin akapasua mmoja. Ulivunjika kama figili, na kijiti kilichokwisha kuchongwa, alichokuwa akikipachika humo, kikaharibika.

Alivifunga vijiti viwili vilivyosalia kwa kitambaa chenye unyevu, akaianika mizizi upya, akangoja huku vijiti navyo vikisinyaa. Mizizi ilipolegea, ilikubali kisu bila kupasuka, akavibebesha vijiti. Kijiti kimoja kilikufa. Kingine kilichipua baada ya baridi kwisha.

Nawe uliyesoma, mwambie mwenzako: mzizi wa peoni haubebeshwi mpaka ulegee.