Mzito Hukaa Nyuma

Kaka yangu alinizidi umri, na kwa kilo pia alinizidi, na mimi si mwembamba. Ndiye aliyenipachika jina la Sindano nilipoanza kujifunza cherehani, kwa dhihaka tupu. Kwa hiyo kwenye kayaki yetu ya viti viwili hapakuwa na mjadala: mzito hukaa nyuma, anapiga kasia na kuelekeza chombo, mwepesi hukaa mbele, anavua. Mkikosea, pua inazama na maji yanaingia mkiyatazama.

Tangu atoke hospitali nilikuwa nimempunguzia suruali kiuno mara tatu. Daktari alituita pembeni, mimi na Mama, akasema ini limekwisha na kilichobaki ni wiki, si miezi. Tukakubaliana mgonjwa asiambiwe. Mama ndiye aliyenituma nimpeleke mtoni, maana huko husahau shida zote.

Sasa tatizo likawa kayaki. Akikaa nyuma na mwili ule uliobaki, chombo kingeinamia upande wangu, naye angejua papo hapo amekwisha kiasi gani. Nikashona mfuko wa khaki, nikaujaza mchanga wa jirani yetu anayejenga miaka nenda miaka rudi, nikautumbukiza nyuma ya kiti chake na kuufunika turubai. Nilijisifu kimoyomoyo. Nikajiona nina akili kuliko daktari.

Alinikuta ukingoni, amevaa kizibao chake cha kuvulia, kile chenye mifuko mingi nilichomshonea mwenyewe. Alikuwa anatembea polepole mno.

"Umechelewa," nikamwambia.

"Watu wenye heshima zao hawakimbii."

Tukaingia majini. Mto wetu hupita nyuma ya mji, kwenye migongo ya maduka na mahali pa kuoshea magari, kisha chini ya daraja. Tulipofika darajani nilikuwa tayari nimetupa ndoana.

"Sindano, mbona huku nyuma kunaingia maji?"

"Labda kuna ufa."

"Ufa uko kichwani kwako. Kayaki imekalia matako."

Nikageuka. Maji yalikuwa yanamwagika ndani nyuma yake, naye ameacha kasia, ameshika mifuko ya kizibao kwa mikono miwili. Nikalinyakua kasia, nikasukuma kama kichaa mpaka tukapanda fungu la mchanga. Alipotaka kushuka alianguka kwa magoti na hakuweza kuinuka. Nikamvuta kwa kizibao, kikagoma kama gunia la saruji. Nikatia mkono mfukoni. Nati. Vipande vya nondo. Vyuma vya karakana yake ya kuchomelea, mfuko baada ya mfuko.

"Hivi ni nini?"

"Chambo."

"Kaka."

Akaangalia maji. "Sikutaka uone nilivyoisha. Nilijua kayaki itanisema."

Akalivuta turubai, akauona mfuko wa khaki, akapapasa mshono. Mshono wangu anaujua. Akacheka mpaka kikohozi kikamkata.

"Watu wazima wawili," akasema, "tumejaza chombo mizigo ili tudanganyane. Nusura tuzame kwa ujinga."

Nami nikacheka, na katikati ya kicheko kilio kikanishika, nikashindwa kukizuia.

"Daktari alikwambia nini?" akaniuliza.

"Wiki."

"Na mimi aliniambia hivyo hivyo. Nikamwomba asiwaambie ninyi."

Maskini daktari wa watu.

Alivua kizibao, tukamwaga mchanga, vyuma tukaviacha pale pale kwenye fungu, tukakumba maji yote. Kisha tukabadilishana viti, kwa mara ya kwanza tangu tuinunue ile kayaki. Sasa nilimwona mgongo. Shati nililolibana mbavuni bado lilimpwaya, na shingo yake ilikuwa nyembamba kama ya mtoto wa shule. Iliniuma kuliko maneno yote ya daktari. Nilitaka kuikumbatia ile shingo na sikuthubutu, tungepinduka.

Akatupa ndoana, akaivuta, akaitupa tena. Alipotaka kuirusha mara ya tatu mkono haukuinuka. Akaulaza ufito wa kuvulia magotini, nami nikajifanya naangalia ng'ambo.

"Mama tusimwambie," akasema baadaye. "Atakufa kabla yangu."

"Mama anajua, kaka. Tulikuwa wote kwa daktari."

"Anajua?" Hakugeuka. "Lakini kila siku yuko jikoni anaimba."

"Anaimba ili usimsikie akilia."

Kayaki ilikuwa inateleza yenyewe na mkondo, nami niliyaona mabega yake yakitikisika.

"Na mimi hufungulia redio," akasema, "ili yeye asinisikie."

Akajifuta uso kwa mkono wa shati, akaanza kukunja mshipi wa ndoana taratibu.

"Geuza, Sindano. Nirudishe nyumbani nikakae na Mama, redio tuizime."

Nikazamisha kasia, nikageuza.