Mwandiko Mzuri Kuliko Wote

Marehemu mumewe alikuwa seremala, na mtaa mzima ulimwita Futikamba, maana hakukata hata ubao wa stuli bila kuupima mara tatu. Ila wosia, Mungu amrehemu, aliukata kwa macho tu. "Wakili wa nini? Kwani mkono wangu umevunjika?" alisema, akauandika mwenyewe kwenye meza ya kulia. Mashahidi walitakiwa wawili. Akamwita kinyozi wa jirani, kisha akamwita mkewe. "Nimwamini nani kama si wewe?" Na yeye, maskini, akatia saini kwa maringo, mwandiko wake mzuri kuliko wote.

Sasa wakili aliweka kidole juu ya mwandiko huo.

"Mama, tatizo liko hapa. Aliyeshuhudia wosia harithi kitu kwa wosia huohuo. Nyumba aliyokuandikia imekuponyoka. Inakwenda kwa aliyeachiwa mali iliyobaki."

Aliyeachiwa mali iliyobaki alikuwa amekaa kiti cha pili: mtoto wake wa kambo, fundi bomba. Alimlea tangu ana miaka sita, na sasa mwaka wa nne hajakanyaga kizingiti chake, hata msiba wa baba yake aliishia makaburini, tangu siku mama alipomwambia kwamba mchumba wake hajui hata kuchemsha maji. Ulimi hauna mfupa. Mchumba alishakuwa mke, na harusini mama hakualikwa.

Alikiwaza cherehani chake pale dirishani, kilipokaa miaka ishirini na mbili. Chumba gani cha kupanga kingekuwa na dirisha kama lile?

"Kwa hiyo nihame lini?" aliuliza.

Fundi bomba alikuna kichwa. "Uhame uende wapi? Lile bomba la jikoni bado linavuja?"

"Linavuja. Nimelikingia ndoo."

"Miaka yote minne?"

"Nilikuwa nakusubiri wewe."

Fundi bomba akavikodolea macho viatu vyake. Kisha akamgeukia wakili. "Ipo karatasi ya kumrudishia nyumba yake? Iandike."

"Ukisaini hutaweza kugeuka. Nenda kwanza ukafikiri."

"Nimefikiri miaka minne. Iandike."

Karatasi ikaandikwa, akasaini papo hapo. Wakili akanyanyua kalamu. "Haya, tunahitaji shahidi."

Mama akaificha mikono yote miwili chini ya mtandio. "Mimi simo!"

Wakacheka wote watatu. Cheko la mama ndilo halikukatika, likageuka kilio, kile alichokuwa hajakilia tangu mazishini, na kijana akasogeza kiti.

"Basi, Mama," alisema. "Kesho nakuja na spana. Na mke wangu."