Hapana ya Kwanza

Watu husimamisha magari kwenye kikanisa chetu kwa sababu mbili: wanataka kupiga picha, au wamepotea. Wanaokuja kusali ni wachache, na hao hawaulizi kitu.

Kikanisa kipo kwenye kona ya shamba letu la mahindi, barabarani kabisa. Si kikubwa. Wakipiga magoti watu wanne, wa tano miguu yake itabaki nje. Nyanya wa mume wangu alikijenga kwa nadhiri, mtoto wake alipopona homa, na mlango wake haujawahi kutiwa kufuli. Familia nyingi zenye asili ya Kibelgiji huku kwetu, kati ya ziwa na ghuba yake, zina kikanisa kama hicho kwenye shamba, kila moja na mtakatifu wake. Sisi tuna Mama Maria mwenye pua iliyokatika kidogo. Asubuhi nikimaliza rozari naenda kufagia nzi waliokufa na kubadilisha mishumaa. Tangu nimzike mume wangu, Norbert, naenda na jioni pia, ingawa jioni hakuna cha kufagia.

Hapo ndipo wageni wanaponikuta. "Mama, tule wapi? Tuone nini?" Zamani Norbert ndiye aliyekuwa akijibu, amesimama na kofia mkononi, mimi nikiwa nyuma yake. Sasa najibu mwenyewe. Nawaelekeza kwenye jibini mbichi, ile ambayo ukiitafuna inalia kwenye meno. Ikikaa siku mbili inanyamaza, na ikinyamaza usiinunue. Nawaambia Jumapili wakapange foleni parokiani kwa ajili ya buya, supu yetu ya kuku na ng'ombe inayopikwa usiku kucha kwenye masufuria makubwa, na waende na chombo chao, maana asiye na chombo atakula pale pale na nyumbani hatapeleka kitu. Nawaambia mnara wa taa upi una ngazi nzima.

Nikimaliza, nadai changu. "Mimi nimekupa. Na wewe nipe. Nikifika kwenu, nile nini?"

Wanacheka, lakini wananipa. Kwa njia hiyo najua sehemu nyingi ambazo sijazikanyaga. Mimi niliacha shule darasa la nane kwa sababu ng'ombe hawakuwa na mtu wa kuwakamua, na ng'ombe hawana likizo. Sijavuka mpaka wa jimbo letu zaidi ya mara chache, tena kwa mazishi. Ila nikikaa peke yangu jikoni, naweza kukupeleka kula pichi Georgia na kukurudisha kabla chai haijapoa.

Alhamisi moja ya Septemba lilisimama gari dogo la kijivu lenye namba za Louisiana. Akashuka mzee mmoja mrefu, shati limepigwa pasi vizuri mbele na vibaya mgongoni. Nikajua huyu hana mke. Alivua kofia, akaingia, akapiga magoti. Alikaa muda mrefu kuliko mtu wa picha. Nilijifanya nang'oa magugu.

Alipotoka alisalimia kwa Kifaransa, na mimi nikajibu kwa Kiwaloni cha mama yangu, lugha ya Wabelgiji iliyo binamu wa Kifaransa. Tulielewana nusu. Nusu nyingine tukaimalizia kwa kucheka.

"Ulysse Robichaux," akasema. "Bibi yangu angekusikia unavyoongea angesema una baridi mdomoni."

"Mimi Zélie Charlier. Na mama yangu angekusikia wewe, angesema kuna mtu anaongea huku anatafuna."

"Basi hangekosea. Mtu wa kwetu ukimkuta hatafuni, mwite padri. Niambie, Bi Zélie, huku mnatafuna nini?"

Nikampa yote: jibini, buya, pai yetu ya plamu kavu yenye jibini laini juu. Na yeye akatoa ya kwao bila kudaiwa. Alisema soseji bora ya wali haiuzwi hotelini, inauzwa kwenye kituo cha mafuta, na ukikuta kituo kisafi sana pitiliza. Alinieleza juu ya maandazi yanayozikwa kwenye sukari ya unga.

"Ukipiga chafya mezani," akasema, "jirani yako anageuka kuwa mzimu."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Sikuwa nimecheka hivyo hapo mahali tangu Norbert afariki.

Kisha akasema, "Nasikia kesho kule kijijini bandarini wanachemsha samaki nje, na moto unaruka juu kama wa Pentekoste. Mimi kula peke yangu nimechoka. Twende wote, Bi Zélie. Nitakupitia."

Hapa lazima niseme tunavyoishi. Kwetu mtu akikualika, unakataa. Akikualika tena, unakataa tena, kwa sauti ya chini kidogo. Mara ya tatu unasema, "Haya, kama siwasumbui," na unakwenda kuchukua koti. Hata mtoto mdogo anajua. Anayekubali mara ya kwanza tunamtazama kama aliyeingia sebuleni na viatu vya zizini. Na mwenye kualika naye anajua kwamba hapana ya kwanza ni salamu tu.

"Hapana, hapana," nikasema. "Hao samaki nimewala maisha yangu yote."

Nikageuka kunyoosha mishumaa ambayo haikuwa imepinda, ili nimpe nafasi.

"Haya, mama," akasema nyuma yangu. "Nimekuelewa. Asante kwa kunifungulia."

"Huwa hapafungwi," nikasema. Nilipogeuka alikuwa ameshavaa kofia. Nikasikia mlango wa gari, na gari likaondoka.

Nilibaki na mshumaa mkononi. Nilijiambia, atarudi. Mtu mwenye adabu kama yule hawezi kuuliza mara moja tu. Labda kwao wanaacha siku moja katikati.

Ijumaa nilivaa gauni la bluu, lile la misa. Nilifagia kikanisa asubuhi, nikafagia tena baada ya sala ya mchana ya Malaika wa Bwana. Gari likipunguza mwendo napunguza na mimi ufagio. Wakasimama vijana wenye baiskeli, wakauliza maji. Akasimama bwana mmoja na mkewe wakigombana juu ya ramani, nikawaonyesha njia, sikuwadai kitu. Jua likaanza kushuka upande wa ghuba na gari la kijivu halijaja.

Nikamwambia Mama Maria kwamba naenda kutazama moto tu. Nikawasha pikapu ya Norbert.

"Wangapi?" akauliza binti wa kwenye geti.

"Mmoja."

"Mmoja tu?"

"Huoni?" nikasema, na baadaye nikajuta, maana hakuwa na ubaya.

Watu walikuwa wamezunguka sufuria. Mpishi ametia viazi, ametia vitunguu, ametia samaki weupe wa ziwani na chumvi isiyo na huruma. Akapaza sauti watu warudi nyuma, akarusha mafuta ya taa kwenye kuni, moto ukapanda kuliko paa, maji yakafurika yakamwaga povu lote. Watu wakapiga kelele kama kawaida. Kwenye mwanga huo nikamwona Ulysse upande wa pili, ameketi meza ya nje na mume na mke nisiowajua. Alikuwa anawasimulia jambo kwa mikono yote miwili. Kiti cha nne kilikuwa kitupu.

Ningeweza kuondoka. Lakini samaki walipoopolewa foleni ilinibeba, na sahani ilikuwa tayari mkononi, samaki anatoka mvuke, na njia ya kwenda kwenye meza nyingine ilipita pale pale.

"Bi Zélie!" Alisimama, na sauti yake ilifika mpaka ziwani. "Si ulisema samaki umewachoka?"

Watu wa meza za jirani wakageuka. Nilihisi masikio yanachemka kuliko lile sufuria.

"Nimepita tu," nikasema. Nikiwa na sahani iliyojaa.

"Huyu ndiye mama wa kikanisa niliyewaambia," akawaeleza wenzake. "Bi Zélie, hawa wametoka Iowa. Bwana Duane na Bi Marlys. Kaa nasi."

"Hapana, hapana. Mnaongea yenu."

Na yule bwana wa Louisiana, Mungu ambariki, akaitikia kwa kichwa na kuanza kuketi. Kwake neno lilikuwa limeisha.

Bi Marlys ndiye aliyenitazama. Alikuwa mama mnene mwenye sweta la njano, na Iowa si mbali na sisi kwa tabia. "Kaa bwana," akasema. "Kiti kipo."

"Msijisumbue," nikasema, kwa sauti ya chini kidogo.

Ilikuwa imebaki moja. Niliona Bi Marlys anameza viazi apate kusema. Nilisubiri na sahani yangu, na siagi ilikuwa inaanza kuganda pembeni. Mara kijana wa meza ya nyuma, mwenye familia kubwa, akaweka mkono juu ya mgongo wa kile kiti.

"Samahani," akasema. "Hiki kina mtu?"

Hakumuuliza Ulysse wala wale wa Iowa. Aliniuliza mimi kwa sababu ndimi niliyesimama. Na wao wote wakanitazama, kila mmoja akifikiri mimi ndiye ninayejua.

Mdomo wangu ulikuwa umeshatengeneza "chukua tu". Nimesema chukua tu maisha yangu yote.

"Kina mtu," nikasema. Nikaketi haraka, kabla hajafika mwingine.

Bwana Duane akacheka. "Sasa huyo ndiye aliyepita tu!"

"Duane, nyamaza ule," mkewe akamwambia, na kwa siri akanisukumia leso ya karatasi.

Tukala. Ukishaketi si vigumu. Bi Marlys alinipa ya kwao: nyama ya nguruwe iliyopondwa ikakaangwa, kubwa mpaka ule mkate wake unaonekana kama kofia ya mtoto, na akanitajia mji na akaniambia nisikubali kupelekwa mji wa jirani. Mimi nikampa pa kupata pai ya cheri isiyo na sukari nyingi. Bwana Duane alitaka kujua mahali pa kuona meli. Nikamwambia. Ulysse alisikiliza, akitoa miiba taratibu na kuipanga ukingoni mwa sahani kama mtu aliyezoea kumtolea mwingine.

"Kwaresima uje kwetu, Bi Zélie," akasema. "Kamba wa mtoni tunawachemsha kama hivi, ila kwa pilipili. Ijumaa nyumba nzima inanuka toba. Tunawamwaga juu ya magazeti, watu wanakula wamesimama. Uje."

Niliweka uma chini. Nilikuwa nimejifunza jambo jioni ile, na sikutaka lipoe.

"Nitakuja," nikasema.

Mara ya kwanza ile ile. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshavuka, nikaendelea: "Nije kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, mwezi wa tatu, au baada? Kabla yake njia zetu bado zina theluji."

Bi Marlys akatazama sahani yake. Ulysse alikuwa na mwiba kati ya vidole, akauweka, akauchukua tena.

"Kusema kweli," akasema, "nyumba niliiuza mke wangu alipofariki. Nakaa kwa binti yangu. Nina chumba cha nyuma, na mlango wake unapitia jikoni kwao. Hata sufuria si langu."

"Lakini umesema nije."

"Nimesema." Alicheka kidogo, si kile kicheko cha Alhamisi. "Kwetu ndivyo tunavyosema, mama. Tunamwambia kila mtu aje. Mimi nilikuwa nasema uje, marehemu anatandika kitanda. Yeye hayupo, na mimi mdomo umebaki unasema." Alifuta vidole kimoja kimoja. "Hakuna aliyewahi kuniuliza tarehe."

Bwana Duane akasema upepo umegeuka, na kweli ulikuwa umegeuka. Tukamaliza pai.

Tulipotoka wale wa Iowa waliaga kama tunavyoaga sisi, getini, kisha kwenye gari, kisha dirishani. Ulysse alinisindikiza hadi kwenye pikapu, akanifungulia mlango, akausubiri ushike, maana unahitaji kuvutwa mara mbili.

"Kesho naanza kurudi kusini," akasema. "Kuna njia mbili, nimeambiwa. Hii niliyojia, na ile ya ghuba. Ipi nzuri?"

Alisubiri, kofia mkononi.

Mimi nikitoa ushauri sidanganyi. Watu wamenipa mahali pengi pazuri, na hakuna aliyenidanganya.

"Ya ghuba," nikasema. "Utakuwa na maji upande wa kulia mpaka mjini. Nenda mapema, wakati ukungu unainuka."

"Haya, mama. Asante."

Njia ya ghuba haipiti kwetu.