Kibanda cha Kusubiri

Mimi ni dobi. Shati la mteja likiungua mkononi mwangu, nalilipa hapo hapo mezani, na matusi nayapokea bila malipo. Ndiyo maana watu wa lile duka la gemu la mtandaoni siwaelewi mpaka leo, na wala sijisumbui kuwaelewa.

Habari yenyewe ni ya kaka yangu, fundi wa lifti. Tunaishi pamoja katika vyumba viwili nyuma ya duka langu la dobi. Nyumbani kaka ana hasira za karibu, kikombe kikikosa sahani tu anawaka. Kazini ni mtu mwingine kabisa. Mtu akikwama ndani ya lifti, kaka huegemea mlango kabla hajagusa spana na kusema, "Niko hapa nje. Siondoki mpaka mlango ufunguke." Hamwambii avumilie, wala hamwahidi dakika tano. Anasema aliyekwama hataki kujua saa ngapi atatoka, anataka kujua kama kuna mtu.

Kuna jambo jingine alikuwa akilisema, nami nikilicheka. Waliokwama pamoja huambiana yote, ya wagonjwa wao, ya mabosi wao, hata ya nyumba ndogo zao. Halafu mlango ukifunguka, kila mmoja anashika njia yake bila hata kwaheri.

Mlango uliomshinda yeye mwenyewe ulikuwa wa binti yake. Binti huyo tulimwita Kinanda tangu akiwa mchanga, kwa jinsi alivyolia kwa kila aina ya sauti. Mama yake alifariki mtoto akiwa na miaka kumi na mmoja. Zamu za kaka zilikuwa za usiku, mimi nilikuwa bado kwa mume, nyumbani hapakuwa na mtu. Kaka akampeleka kwa mama yake mdogo, mdogo wa marehemu, mji mwingine, safari ya kutwa nzima. "Kwa muda tu," alisema. Muda ule ukaota mizizi ukafika miaka sita. Matumizi alituma, hilo simnyimi, lakini mtoto hakui kwa matumizi peke yake. Kinanda alipopata simu yake mwenyewe, akaacha kupokea za baba.

Za kwangu alipokea. Siku moja akaniambia, "Shangazi, mimi nilirudishwa. Mama alipokufa, baba alinirudisha kwa ndugu za mama kama kitu alichoazima." Nilimwambia asiseme hivyo. Maneno yale sikumfikishia kaka. Niliyakalia.

Basi mwaka huu mama mdogo akatuletea ujumbe. Kinanda alikuwa amesema hivi: "Mwambie baba akinitaka, anunue ile gemu ya wapanda mlima. Ni ya watu wawili. Tutacheza tu, hatutaongea."

Kaka hata karata hajui kucheza. Lakini alifungua kompyuta anayopimia lifti, akanunua gemu mbili, moja yake na moja akamtumia binti yake kama zawadi. Duka likamwandikia kwamba zawadi imepokelewa. Alinionyesha maneno yale, akaenda kuoga, akarudi akanionyesha tena.

Jioni nilipofunga, alihamia dukani kwangu, maana mtandao unashika pale tu. Akaketi kwenye stuli katikati ya mashati ya watu yaliyoning'inia kwenye mifuko ya nailoni, hedifoni masikioni. Mimi niliendelea kupiga pasi. Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na kibanda cha mbao, nje theluji, ndani wapanda mlima wawili wamekaa kwenye benchi, wamefungwa kamba moja kiunoni. Maelezo yalisema mlango wa kibanda utafunguka wote wawili wakiwa tayari. Kaka akabonyeza kuwa yuko tayari. Kinanda naye akabonyeza. Yakatokea maandishi: Tafadhali subiri.

Wakasubiri. Mimi nikamaliza kapu zima la mashuka, wao bado wanasubiri. Mlango haukufunguka siku ile, wala kesho yake.

Damu ikamchemka kaka. Aliona aibu, mtoto kamwomba kitu kimoja kwa miaka yote, naye kamnunulia kibovu. Akawaandikia wenye duka: gemu haifunguki, nirudishieni pesa nimnunulie mwanangu nyingine. Jibu likaja upesi, tena kwa bashasha. "Habari rafiki! Kumbukumbu zetu zinaonyesha umeifurahia gemu hii kwa saa tatu. Aliyecheza zaidi ya saa mbili harudishiwi pesa."

"Nimefurahia!" Kaka alipaza sauti mpaka mteja mmoja akaangusha tiketi yake. "Dada, nimekaa saa tatu natazama mlango! Mtu akikwama kwenye lifti, huwa tunamwambia amesafiri?"

"Waulize wao," nikamwambia. "Mimi nafua tu."

Akaandika tena, wakamwambia azime na kuwasha. Alipozima na kuwasha, wakataka picha. Alipotuma picha, wakasema kibanda kinaonekana vizuri, kwa hiyo gemu inafanya kazi. Walimpiga danadana, walimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na kila jibu lilianza na rafiki. Kibaya zaidi, kila alipoifungua gemu ili apate ushahidi, saa za kufurahia kwake ziliongezeka. Alikuwa anajichimbia shimo kwa jembe walilompa wao. Mwishowe akakata rufaa kwa wakubwa wao. Chini kabisa paliandikwa kwamba rufaa ikishapokelewa haifutwi. Akakubali. Nani angedhani atataka kuifuta?

Kinanda hakuambiwa habari za rufaa. Kaka hakutaka aonekane mkono wa birika mbele ya mwanawe.

Sasa, katika kusubiri kule, likazuka jambo ambalo hakuna aliyelinunua. Nilikuwa nanyunyizia kola maji niliposikia sauti ya Kinanda ikitoka ndani ya gemu, maana kaka hedifoni zilimchosha akawa ameziondoa.

"Bado?" Kinanda aliuliza.

"Bado."

"Baba, huyo mtu wako mbona amekaa amepinda hivyo?"

"Mgongo huo, mwanangu. Hata mimi unaniuma."

Kinanda akacheka. Anacheka kwa pua, kama marehemu mama yake. Kaka akageuza uso kwenye mashati ya watu.

Tangu hapo ikawa kila jioni. Walibonyeza kuwa tayari kama mtu anayepiga hodi, wakishaona maandishi ya kusubiri wanaanza. Waliongea masomo, jino la Kinanda lililomtesa, ukali wa mama mdogo. Jioni moja Kinanda aliuliza kama mama yake aliwahi kupanda lifti za baba. Kaka akamwambia mama aliziogopa kufa. Alikuwa anamletea chakula ghorofa ya nane kwa ngazi, akifika juu hana pumzi hata ya kumgombeza. Mimi pasi mkononi, nikijifanya hamnazo, na machozi yananidondokea kwenye suruali ya mteja.

"Si umpigie simu sasa?" nilimwambia kaka baadaye. "Mmeshaelewana."

"Hapana, dada. Tunaongea kwa sababu tumekwama. Mlango ukifunguka, atashika njia yake."

Nikamwona alivyobadilika. Yule aliyekuwa akiutukana ule mlango sasa aliogopa usije ukafunguka. Kila jioni alibonyeza, na maandishi ya kusubiri yakitokea, mabega yanamshuka kwa faraja. Alikwama, akapenda kukwama, na mimi nilimwonea huruma na wivu kwa pamoja.

Kisha ikafika jioni ambayo Kinanda alisema, "Baba, kuna kitu nataka kukuuliza. Sio leo. Kesho, nikipata moyo."

"Hata saa hii, mwanangu."

"Nimesema kesho."

Kesho yake asubuhi, kaka akiwa anafunga viatu, ujumbe ukaingia kwenye simu yake. "Habari njema, rafiki! Rufaa yako imekubaliwa. Pesa za gemu zote mbili zimerudishwa, na gemu zimeondolewa."

Alifungua kompyuta na kiatu kimoja mguuni. Kibanda hakikuwepo, wala benchi, wala wale watu wawili. Akawaandikia hataki pesa, wamrudishie gemu yake. Wakamjibu rufaa haifutwi. Akajaribu kuinunua upya, akakuta tangazo: gemu hii haiuzwi tena kwa kuwa haifanyi kazi, tunawashukuru wateja waliotufahamisha. Akatafuta mahali pa kuandika kwamba anaitaka hivyo hivyo ilivyoharibika. Sababu za kuchagua zilikuwa nyingi, hiyo haikuwepo.

Alimpigia Kinanda. Simu ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, na tena. Badala yake ikaja picha kutoka kwa mama mdogo, picha ya simu ya Kinanda yenye maneno haya: "Aliyekupa zawadi hii ameomba arudishiwe pesa zake. Zawadi imeondolewa." Chini yake mama mdogo alikuwa ameandika: "Shemeji, umemfanya nini mtoto? Amenitupia simu, akajifungia chumbani."

Ndipo nilipomwambia. Sikuweza kuendelea kuyakalia maneno yale. Nilimwambia mwanawe anajiona alirudishwa, na kwamba sasa amesoma kwa macho yake kuwa hata zawadi imerudishwa. Kaka alikaa juu ya kapu la nguo chafu. Nyumbani sijawahi kumwona kaka yangu akikosa hasira. Nilitamani hata anigombeze.

"Funga duka," alisema mwishoni.

Tulisafiri kutwa nzima. Njiani alikuwa akijaribu kupanga maelezo: kwanza saa mbili, kisha zile picha, kisha rufaa. Kila alipoanza alijifunga mwenyewe, akaanza upya. Hata mimi niliyekuwepo tangu mwanzo nilimsikia kama mtu anayesema uongo.

Mama mdogo alitufungulia, hakutusalimia vizuri, akatuonyesha mlango wa chumba mwisho wa ukumbi. Ulikuwa umefungwa kwa ndani. Sahani ya chakula ilikuwa sakafuni, haijaguswa. Kaka aliisogeza pembeni, akaegemea mlango kama nilivyowahi kumwona akiegemea kazini.

"Kinanda. Ni mimi, baba. Niko hapa nje. Siondoki mpaka mlango ufunguke."

Mama mdogo akanitazama, nami nikatazama sakafu.

"Pesa zako zimerudi?" Sauti ilitoka karibu sana, nyuma tu ya ubao.

"Zimerudi."

"Zote?"

"Zote." Kaka akafumbua kinywa aeleze. Nikaona zile saa mbili, zile picha na ile rufaa vikimjaa mdomoni, kisha akavimeza vyote. "Nimezifanya nauli," akasema. "Mimi na shangazi yako."

Haukupita muda, tukasikia kitu kikiburuzika kwenye mlango kutoka juu kwenda chini. Alikuwa ameketi, mgongo kwenye ubao.

"Ulitaka kuniuliza nini jana?" kaka akauliza.

"Nilitaka kuuliza kama kwa shangazi kuna mahali pa kuweka kitanda kingine."

Kaka akanigeukia. Nikaziona moyoni fremu zangu za mashati, meza ya pasi, makapu yaliyojaa mpaka mlangoni. Nikaitikia kwa kichwa.

"Hapapo," kaka akasema, "lakini patakuwepo."

Kitasa hakikusogea. Taa ya chumbani kwa Kinanda ilikuwa imewashwa, na chini ya mlango kivuli chake kilikuwa kimetulia.

"Basi subiri," Kinanda akasema.

Kaka akaketi sakafuni, akauegemeza mlangoni ule mgongo wake unaouma, akasubiri.