Mkeka Kando ya Lami

Tangu alfajiri mkeka wa heshima ulikuwa umefunika kichwa na mgongo wa mtu aliyepiga magoti kando ya lami, mbele ya nyumba ya Telesia, na sasa jua lilikuwa limeanza kuuchoma. Chini yake alikuwa Ropati, dereva aliyemgonga Lupe, mjukuu wa Telesia, jana jioni. Pembeni yake walikaa mama yake na wajomba zake, vichwa wameviinamisha, kuomba msamaha kama desturi ilivyotaka. Telesia akiuinua mkeka, yamekwisha. Asipouinua, watarudi kijijini kwao na aibu yao, na vijana wa pande zote mbili watajua la kufanya.

Telesia aliwatazama kutoka barazani kama mtu anavyotazama inzi aliyeelea kikombeni mwake. Kila akimfikiria kijana yule, kidole kikichezea simu huku mtoto wa watu yuko mbele ya pikapu yake, alimwona kinyaa.

"Dada, jua linapanda," alisema mdogo wake Sefo, chifu wa ukoo. "Na yule mama ana presha."

"Ana presha? Mimi nina mjukuu mwenye mguu vipande viwili."



Ndipo Malia, mama yake Lupe, akarudi kutoka hospitali. Hakuwapita wale wageni hivi hivi. Alikata jani la mgomba, akamkinga nalo yule mama, kisha akaingia. Alisimulia kwamba mguu umefungwa na Lupe atatembea, ingawa si karibuni. Ropati ndiye aliyechana shati lake akaufunga ule mguu, akamshika mtoto mkono njia nzima hadi hospitali. Na Lupe mwenyewe amekiri: alikuwa na muziki masikioni, ameyapa magari mgongo, wala hakugeuka.

"Na juu ya lami alikuwa anatafuta nini?"

Malia alisita. "Mama, angepita wapi? Maua yako yamefika hadi barabarani, na mawe yako pia."

Telesia akatazama. Mawe yale aliyapaka chokaa kwa mkono wake, akayapanga hadi ukingoni kabisa, na kamati ya akina mama ikamsifu. Watoto waliokanyaga maua aliwafokea mpaka wakazoea kushuka barabarani. Weupe ule leo ulimkaa kooni kama mafuta yaliyoganda. Kinyaa chake kwa Ropati hakikuisha. Kilienea tu, kikamgusa Lupe na muziki wake, kikarudi kumkalia yeye mwenyewe.

Akatoka, akauinua mkeka. Uso uliotokea ulikuwa umevimba, kamasi na machozi vimeukaukia. Telesia akageuza pua.

"Inuka. Ndani kuna kakao."

"Ahsante, Bibi. Mungu akuzidishie..."

"Usinishukuru. Bado nakuona kinyaa."

Ropati akainuka, lakini miguu ilikuwa imekufa ganzi. Akayumba kinyumenyume hadi juu ya lami. Honi ikalia. Telesia akamkwida shati kifuani, akamvuta kwa nguvu zote za uzee wake, na lori likapita likiwaachia moshi.

Sefo akamwambia kwa upole amwachie, gari limekwenda. Telesia alimsikia. Lakini vidole vyake vilibaki vimekaza katika lile shati lililolowa jasho.