Mama wa Rafu ya Pili

Kitu cha kwanza alichokigundua Bi Kelele ni rangi. Maji ya chakula zinayopewa seli za ubongo mle maabarani huwa mekundu, yakikaa yanageuka manjano.

"Wameshakula hao," alimweleza mtaalamu wa maabara, ambaye wote walimwita Miwani.

Yeye mwenyewe alikuwa muosha vyombo, mkimya hata wakambandika jina la Bi Kelele. Kazi aliipata baada ya mama yake, mgonjwa wa kusahau, kukubali kukatwa kipande kidogo cha ngozi. Wataalamu waliigeuza ngozi ile ikawa seli za ubongo, wachunguze protini ambazo seli za mgonjwa hutoa nje. Bi Kelele alielewa hivi: mama yuko nyumbani, na mama mwingine yuko kwenye sahani, rafu ya pili.

Kabla ya kukusanya protini hizo, seli hunyimwa chakula siku nzima, maana chakula hicho kina damu ya ndama, nayo ina protini zake tele.

"Leo wanafunga," Miwani alisema, akavua koti, akaenda zake.

Bi Kelele alibaki anaitazama rafu ya pili. Nyumbani amlishe mama kwa kijiko, hapa amwache na njaa? Moyo ukamshinda. Akachota chakula kidogo, akamdondoshea.

Wiki iliyofuata Profesa, mkuu wa maabara, nusura acheze. Seli za mama zilikuwa zimemwaga protini nyingi kuliko za mgonjwa yeyote! Akaita wakubwa, keki ikakatwa, hotuba ikawa ndefu. Kisha mashine nyingine, isiyojua adabu, ikataja mwenye protini hiyo: ndama.

"Nimewatangazia wakubwa ubongo wa ng'ombe!" Profesa alifoka. "Miwani, umezilisha. Fungasha vitu vyako!"

"Haki ya Mungu, Prof, sikuzigusa!"

"Basi zilijipikia?"

Miwani alikuwa ameshabeba sanduku lake pale Bi Kelele alipojitokeza mlangoni, mikono imejaa povu.

"Shikamoo, Profesa, ni mimi." Salamu na kosa vilimtoka kwa pumzi moja.

Miwani akalitua sanduku polepole.

"Wewe?" Profesa aliishiwa ukali. "Binti yangu, zile si mama yako. Hata hazikujui."

"Nyumbani pia hanijui," Bi Kelele alisema. "Kila nikimpelekea chakula ananiuliza mimi ni nani. Huyu wa kwenye sahani anakula tu, haniulizi."